Kwa nini kadi zangu nyeupe zinaonekana kama hazijaisha?

*"Natengeneza kadi kwa mikono kwa miaka minne sasa, nyingi za rangi kali. Binti wa kaka yangu anaolewa, ameniomba kadi 60 za mwaliko na amesisitiza ziwe nyeupe hasa, nisimwekee maua mekundu. Nimeshaharibu karatasi nyingi. Ya kwanza nilibandika ua jeupe juu ya karatasi nyeupe. Wifi yangu akaigeuza mkononi akaniuliza, 'Hii utaimalizia lini?' Ya pili nilichanganya karatasi mbili ambazo dukani zilikuwa sawa kabisa, nyumbani moja ikaonekana chafu. Nikajaribu kalamu nyeupe juu ya karatasi ya kijivu, maandishi yalipokauka yakafifia. Gundi inaniachia madoa. Nikipiga picha nimtumie bibi harusi, kadi inatoka ya kijivu. Na nasikia karatasi nyeupe hugeuka njano. Watu wananiambia nyeupe si rangi, niongeze vumbi la kumetameta basi yaishe. Niachane nayo, au kuna jambo sijalijua?"*

Dada, usiachane nayo. Umeorodhesha mikasa sita, lakini karibu yote inatoka kwenye shina moja, na ukishalijua shina hilo utaona kwamba hukuwa unakosea mikono. Ulikuwa unafanya kazi ya nyeupe kwa mazoea ya rangi kali.

Naanza na wifi yako, maana ndiye aliyeliona tatizo mapema kuliko wote. Hakuuliza kwa nini hukutia rangi. Aliuliza utamalizia lini. Jicho lake lilipita juu ya kadi likitafuta pa kushika, likakosa. Kwenye kadi nyekundu yenye ua la njano, tofauti ya rangi inafanya kazi hiyo bila wewe kujishughulisha. Ukiziondoa rangi, jicho linabaki na kitu kimoja tu cha kushika, nacho ni kivuli. Ua lako lilibandikwa bapa, kwa hiyo halikuwa na kivuli cha kutosha, na kwa macho ya wifi halikuwepo.

Hao wanaokwambia nyeupe si rangi wana nusu ya hoja. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote, kweli. Pitisha mwanga wa jua kwenye prizimu utauona ukigawanyika. Lakini hilo halikusaidii mezani. Kitakachokusaidia ni kujua karatasi inaupata wapi weupe wake.

Karatasi ni nyuzi ndogo ndogo za selulosi, yaani nyuzi za mimea, zilizolaliana. Unyuzi mmoja peke yake hauna weupe wowote. Ukiutazama kwa hadubini unapitisha mwanga kama kioo. Weupe unatokea pale nyuzi zisizohesabika zinapolaliana ovyo na hewa ikabaki katikati yake. Mwanga unaingia, unagonga mpaka wa unyuzi na hewa, unapinda, unagonga mpaka mwingine, unapinda tena, mwishowe unarudi nje ukiwa umetawanyika kila upande, na jicho linauona huo kama nyeupe. Barafu iko hivyo hivyo. Kipande kizima kilicho safi unaona kidole chako upande wa pili. Kikwangue kwa kisu, ule unga wake ni mweupe pe. Hukuongeza kitu ila hewa.

Jaribu hili leo, litakuchukua dakika moja. Chukua kipande cha karatasi unayotumia, dondoshea tone la maji upande mmoja na tone la mafuta ya kupikia upande mwingine, kisha kiinue dirishani. Palipolowa maji pamekuwa kama pazia jepesi, penye mafuta pamekuwa kama kioo. Wanasayansi hupima kwa namba jinsi kitu kinavyopinda mwanga: hewa ni 1, maji 1.33, mafuta karibu 1.47, selulosi karibu 1.5. Mafuta yakiingia mahali pa hewa, mwanga haupati tena mpaka wa kugonga, unapita moja kwa moja, na weupe unatoweka. Maji yatakauka na weupe utarudi. Mafuta hayakauki. Sasa unajua kwa nini alama ya kidole uliyoiacha jioni unaikuta asubuhi, na kwa nini kufuta kwa kitambaa chenye maji hakusaidii kitu.

Basi turudi kwenye ua. Hesabu ya kivuli ni rahisi. Mwanga ukianguka kwa pembe ya digrii 45, upana wa kivuli unalingana na kimo cha kitu: kimo cha milimita 1, kivuli cha milimita 1. Mwanga ukishuka hadi digrii 30, kivuli kinafika milimita 1.7. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukibandika ua la karatasi hiyo bapa, kivuli chake ni chembamba kama unywele. Ukiliinua kwa vipande vidogo vya tepu ya sponji ya milimita 1 au 2, kivuli kinakuwa mstari unaoonekana hata na mtu aliyekaa ng'ambo ya meza. Ni ua lile lile na karatasi ile ile.

Ila usiinue kila kitu. Nimeziona kadi ambazo kila petali imewekewa sponji, na matokeo yake ni kama keki iliyoumuka vibaya: vivuli vinakanyagana, jicho linakosa pa kupumzika. Ngazi mbili zinatosha, tatu ni nyingi. Acha majani yabandikwe bapa, ua moja liinuke, na kitovu chake kiinuke kidogo zaidi. Kisha zipinde petali. Weka petali juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, izungushie mgongo wa kijiko kidogo ukikandamiza taratibu, nayo itajikunja kama kibakuli. Sasa badala ya mstari mmoja wa kivuli pembeni, una kivuli kinachotoka kwenye weupe kamili kikaingia kijivu laini hadi kwenye kina cha ua. Hapo ndipo nyeupe inapoanza kuonekana kuwa na rangi kumi.

Njia ya pili ya kupata kivuli ni kutunisha karatasi yenyewe, na kwa kadi 60 hii ndiyo ningeipa kipaumbele. Kata mchoro kwenye kadi nene kwa kisu uwe stensili yako. Ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana kwa tepu isiyong'ang'ania, weka karatasi ya kadi juu yake huku uso wake ukitazama kioo, na mwanga utakuonyesha kingo. Pitisha kijiti chenye ncha ya duara kwenye kingo hizo ukikandamiza mara ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukilazimisha kwa mara moja karatasi inapasuka, hasa kwenye kona. Ukigeuza, mchoro umetuna upande wa mbele. Karatasi yenye pamba nyingi ndani yake hutii vizuri kwa sababu nyuzi zake ni ndefu. Karatasi iliyopakwa ule mng'ao laini wa magazeti ya picha hupasuka ngozi, iache.

Kuna na ile karatasi ya nusu-uwazi, inayofanana na ngozi nyembamba. Ukiikandamiza kwa kijiti hicho hicho juu ya kitu laini, inabadilika kutoka kijivu cha ukungu ikawa nyeupe pale tu ulipopita. Mafundi wengi huifurahia bila kujua siri yake, na wewe sasa unaijua: umezitenganisha nyuzi, hewa imeingia, mwanga unatawanyika. Umechora kwa hewa.

Njia ya tatu ni mng'ao. Kitu kinachong'aa kando ya kitu kilichofifia hutengana nacho hata kama vyote ni vyeupe. Utepe wa satini, lulu moja ndogo, mchoro wa muhuri uliowekwa unga wa kuyeyushwa kwa joto usio na rangi. Hilo vumbi la kumetameta unaloshauriwa nalo linaingia kundi hili, nami sikukatazi, ila sema ukweli na nafsi yako: kwa kadi 60, litakuwa kwenye nywele zako, kwenye zulia na kwenye chakula hadi harusi ipite. Na linavunja ule utulivu alioutaka binti. Aliyeomba nyeupe hasa hakuomba kumetameta.

Jambo jingine ambalo wifi yako huenda alilihisi bila kulitaja ni nafasi. Kadi ya ukubwa wa A6 ina milimita 105 kwa 148. Ua la sentimita 3 lililowekwa katikati kabisa linaonekana kama limedondoka hapo kwa bahati mbaya. Lisogeze. Liwe kubwa, likatwe na ukingo wa kadi upande mmoja, au likae chini kushoto na juu pabaki patupu. Ukitunisha mstari mmoja mwembamba milimita 8 kutoka ukingoni, kuzunguka kadi nzima, ule utupu unapata mlango na dirisha, unaonekana umekusudiwa. Katika kadi nyeupe, sehemu ambayo hukuigusa nayo ni kazi yako, na mtu anatambua upesi kama uliiacha kwa makusudi au kwa kuchoka.

Sasa ile karatasi iliyogeuka chafu njiani kutoka dukani. Haikugeuka. Kuna weupe unaoelekea bluu na weupe unaoelekea njano, na tofauti yake mara nyingi haitoki kwenye karatasi peke yake bali kwenye dawa iliyotiwa. Karatasi nyingi za ofisini na za kadi huwekewa kemikali zinazomeza miale ya urujuanimno, ile tusiyoiona, na kuitoa tena ikiwa mwanga wa bluu. Bluu hiyo inafunika umanjano wa nyuzi, nasi tunasema karatasi ni nyeupe kupindukia. Lakini dawa hiyo inahitaji urujuanimno ili ifanye kazi. Chini ya mwanga wa jua inapata wa kutosha. Chini ya taa nyingi za ndani inapata kidogo mno. Kwa hiyo karatasi mbili zinaweza kulingana dukani na kuachana dirishani kwako. Ukiwa na kile kitaa cha kukagulia noti, zimulikie gizani: yenye dawa itawaka bluu, isiyo na dawa itabaki imefifia.

Halafu jicho nalo linaongeza chumvi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kule Paris, alionyesha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja inaisukuma mwenzake mbali. Weka krimu peke yake mezani, utasema ni nyeupe. Iweke kando ya nyeupe ya kibluu, papo hapo inakuwa kama shuka la zamani. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: ama karatasi zote zitoke pakiti moja, ama ziachane kiasi kwamba hakuna atakayedhani ni bahati mbaya. Kukaribiana ndiko kunakoua. Mchoraji Kazimir Malevich mwaka 1918 alichora mraba mweupe juu ya turubai nyeupe, na ukiutazama huo mchoro unauona mraba vizuri kabisa, kwa sababu weupe mmoja ni wa baridi, unaelekea bluu, na mwingine ni wa joto, unaelekea njano, na mraba ameuinamisha kidogo. Alitumia tofauti ile ile iliyokutesa wewe, ila yeye aliiamua.

Kuhusu kalamu nyeupe. Wino mweupe haufanani na wino mwingine. Wino mwingi wa rangi unaingia ndani ya karatasi na kuitia rangi. Wino mweupe hauwezi kuitia karatasi ya kijivu weupe kwa kuingia ndani. Lazima ukae juu na kuifunika. Unga unaotumika sana kwa kazi hiyo ni titani dioksidi, ambayo kwenye namba zile za kupinda mwanga iko kati ya 2.5 na 2.7, juu sana. Ndiyo maana hata ikizungukwa na gundi ya wino inabaki nyeupe. Chokaa ya ubaoni iko karibu 1.6, ikiwa kavu ni nyeupe, ikilowa gundi inakaribia kutoweka. Zinki iko katikati, karibu 2, na hufunika kwa upole. Kwa hiyo ukinunua rangi nyeupe ya tyubu, soma maandishi madogo: PW6 ni titani, PW4 ni zinki. Unataka PW6.

Lakini titani ni nzito, inazama chini ya kalamu iliyolala kwenye droo wiki nzima, na kinachotoka kwanza ni maji na gundi bila unga. Maandishi yanaonekana sawa yakiwa mabichi, yakikauka yanafifia, kama yalivyokufanyia. Ilaze kalamu ya aina hiyo badala ya kuisimamisha, itikise kama inatikisika, jaribu kwanza kwenye kipande, andika polepole kuliko ulivyozoea, acha ikauke kabisa, kisha pitia tena. Ukipitia wakati tabaka la kwanza ni bichi, ncha italichimba na utapata mtaro katikati ya herufi. Ukitaka weupe usio na shaka, piga muhuri kwa wino wa kunata, mwagia unga mweupe wa kuyeyushwa, kung'uta, kisha yeyusha kwa kipulizo cha joto. Kabla ya kupiga muhuri pangusa karatasi kwa poda kidogo sana ya mahindi, kwa sababu unga huo hushika popote pale kidole chako kilipoacha mafuta, na utaona alama zako za vidole zimechapwa kwa uzuri wote usioutaka. Fungua dirisha ukifanya kazi hiyo.

Hapa niseme jambo ambalo binti huenda asilipende. Mwaliko ni lazima usomeke, na wazee watausomea kwenye taa hafifu bila miwani. Majina ya maharusi yaliyotuna, nyeupe juu ya nyeupe, kwenye uso wa kadi ni mazuri mno. Tarehe, saa na mahali viandikwe ndani kwa kijivu kilichokoza, kijivu cha mvua. Nyeusi kabisa hupiga kelele kwenye kadi ya namna hii, kijivu hafifu hakisomeki. Kama utachapa kwa printa ya nyumbani, kumbuka haina wino mweupe. Kila mahali panapoonekana peupe ni karatasi yako tu imeachwa wazi.

Gundi. Ile nyeupe ya maji hulowesha nyuzi, zinavimba, karatasi inakunjamana, na ikizidi inapenya hadi juu ikaziba hewa. Matokeo ni lile doa la kijivu. Kwa tabaka bapa tumia tepu ya pande mbili. Kwa vipande vidogo chukua gundi kwa ncha ya kijiti cha meno, weka nukta tatu, bandika, kisha kandamiza chini ya kitabu kizito kwa nusu saa. Chagua tepu ya akriliki. Ile yenye gundi ya mpira huwa njano kadiri miaka inavyokwenda, na mimi nilijifunza hilo kwa aibu: kadi niliyompa rafiki ikiwa nyeupe safi, niliikuta kwake baada ya miaka kadhaa ina mistari minne ya rangi ya chai, moja kwa moja juu ya tepu niliyodhani haitaonekana kamwe.

Kwa usafi wa mikono sina falsafa. Nawa kwa sabuni, kausha, usijipake losheni hadi umalize. Weka karatasi safi chini ya kiganja cha mkono unaoandika. Mistari ya penseli iwe hafifu na uifute kwa raba nyeupe ya plastiki, maana ile ya waridi huacha rangi yake. Doa la mafuta halifutiki. Lifunike kwa petali au anza upya.

Mkunjo ndio unaoharibu kadi nyingi zilizokuwa nzuri. Karatasi ya kadi ya gramu 250 hadi 300 ina mwelekeo wa nyuzi, kama ubao. Ipinde kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande ambao haikupingi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wako uende huko. Chora kwanza mfereji kwa ncha butu kando ya rula, kisha kunja ukielekeza kile kituta kidogo kilichojitokeza upande wa pili kiingie ndani. Ukikunja kinyume cha nyuzi bila mfereji, uti wa kadi utaota manyoya, na kwenye nyeupe kila unyoya una kivuli chake.

Hofu ya kugeuka njano ina msingi, lakini haiihusu kila karatasi. Gazeti huwa njano kwa sababu mbao zake zilisagwa pamoja na lignini, ile dutu inayoushikilia mti usimame, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa hubadilika rangi. Asidi iliyobaki kwenye karatasi nayo huila polepole. Tafuta karatasi iliyoandikwa kuwa haina asidi. Nyingi za hizo zina unga wa chokaa ndani yake unaoituliza asidi inayokuja baadaye. Karatasi ya pamba ni bora zaidi. Elewa tu kwamba ile dawa ya kuwaka bluu huchoka ikikaa juani, hivyo karatasi nyeupe kupindukia ikiachwa dirishani ndiyo inayobadilika upesi machoni. Mpaka siku ya harusi ziweke kwenye boksi lililofunikwa.

Na picha. Kamera haijui kwamba umeweka kitu cheupe mbele yake. Imefundishwa kudhani kwamba kila kinachotazamwa, kwa wastani, kina mwangaza wa kijivu cha kati, kwa hiyo ikiona nyeupe nyingi inaona mwanga umezidi na kuupunguza. Kwenye simu, gusa kadi kwenye kioo, kisha telezesha kidole kupandisha mwangaza hadi nyeupe iwe nyeupe lakini vivuli vya petali bado vionekane. Zima flashi. Flashi inapiga usoni na kuvifuta vile vivuli ulivyovitafuta kwa saa nzima. Weka kadi kando ya dirisha ili mwanga uje kutoka ubavuni, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Zima na taa ya ndani, kwani mwanga wa njano ukikutana na wa dirisha, nusu ya kadi itaonekana ya krimu.

Sasa uamuzi. Ukifanya ua la ngazi tatu lenye petali zilizopindwa, kadi moja ni dakika 25 kwa mtu mwepesi, yaani saa 25 kwa kadi 60, na hapo hujaharibu hata moja. Ukitunisha fremu na majina, ukaweka ua moja lililoinuliwa kidogo, utapunguza karibu nusu, na kwa maoni yangu kadi itakuwa nzuri zaidi kwa sababu ina utulivu. Kuchanganya krimu na nyeupe kunaokoa muda zaidi, kwa kuwa tofauti ya rangi inakusaidia kazi, lakini muulize binti kwanza. Anaweza asiihesabu krimu kuwa nyeupe. Mimi ningechukua ile ya katikati, nikatenga karatasi za ziada kumi.

Kuna vitu usivifanye peke yako. Kukata karatasi 70 kwa vipimo sawa na kuzitia mifereji ya mkunjo, mpelekee mchapaji mwenye mashine. Ni kazi fupi kwake, na kwako ni siku mbili na kidole chenye malengelenge. Ukitaka majina yatune kwa namna moja kwenye kadi zote, muulize kuhusu kutunisha kwa bamba la chuma, na umpelekee karatasi yako mwenyewe aijaribu kwanza. Karatasi nenda ukainunue kwa mkono, uisogeze mlangoni uione kwenye mwanga wa jua. Picha ya kwenye simu haiwezi kukuonyesha weupe. Kadi iliyoinuka ukitaka kuituma kwa posta, peleka moja ikapimwe uzito na unene kabla hujafunga bahasha zote. Na kama hata kwenye mwanga wa ubavuni mistari iliyotuna hukuiona vizuri, au kichwa kinauma baada ya nusu saa ya kazi hii, usilaumu karatasi, nenda ukapimwe macho.

Tengeneza moja tu kwanza. Iache mezani mchana kutwa na usiku kucha, uitazame kwenye jua, kwenye taa, na ukiwa umesimama mlangoni. Kisha mkabidhi wifi bila kumwambia neno. Akianza kuipitisha kidole kabla ya kuuliza chochote, kata zile nyingine 59. Ila mwambie anawe mikono kwanza.